Mshipa Upi? Upasuaji wa Kuchepusha Damu ya Moyo na Hatima Yake ya Muda Mrefu

Utangulizi

Jioni moja wakati wa likizo, mjomba wangu, mzee wa miaka 65 anayeugua kisukari, aliniita barazani akanionyesha barua aliyopewa hospitalini. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, nayo ilisema kwamba mishipa mitatu ya moyo wake ilikuwa imeziba na kwamba alihitaji kupasuliwa. Kutokana na maelezo ya mdomo, mzee alikuwa ameshika jambo moja tu: kuna mshipa ungetolewa mguuni ukashonewe moyoni. "Mpwa wangu," akaniambia, "wewe ndiwe msomi wa Kiswahili. Ni mshipa upi huo, na utadumu miaka mingapi?"

Nilinyamaza. Naweza kuchambua riwaya sura kwa sura, lakini swali hilo lilinishinda. Makala haya ni jaribio la kulijibu. Yanakusudia kueleza njia mbalimbali za upasuaji huu, matokeo yake baada ya miaka mingi, na mchango wa istilahi zetu katika kumwezesha mgonjwa kushiriki uamuzi unaomhusu.

Maradhi na tiba yake

Moyo husukuma damu kwenda mwili mzima, ila wenyewe hulishwa na mishipa midogo iitwayo ateri za korona. Mafuta yanapogandamana ndani ya kuta za ateri hizo, njia ya damu hupungua na misuli ya moyo hukosa oksijeni. Upasuaji tunaouzungumzia hauzibui mahali palipoziba. Hujenga njia nyingine ya kupitia kando, mithili ya barabara ambazo wakazi wa Nairobi huziita baipasi.

Historia ya tiba hii si ndefu. Mwaka 1953 John Gibbon wa Marekani alifaulu kutumia mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Mwaka 1964 Vasilii Kolesov, mjini Leningrad, aliunganisha ateri ya kifuani na ateri ya korona pasipo kutumia mashine hiyo. Mwaka 1967 René Favaloro, daktari kutoka Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, alianza kutumia vena ya mguuni, na njia hiyo ikaenea ulimwenguni. Katika kazi za waanzilishi hao tunayaona maswali mawili ambayo yangali yanajadiliwa: ni mshipa upi utumiwe, na je, moyo usimamishwe au uachwe ukipiga?

Ateri au vena?

Vena ya mguuni ni ndefu na huchukuliwa kwa urahisi. Hata hivyo, imezoea kurejesha damu kwa shinikizo dogo. Inapopandikizwa penye shinikizo kubwa la ateri, kuta zake hunenepa, na mafuta hujikusanya humo miaka inavyosonga. Baada ya takriban miaka 10, karibu nusu ya vena hizo huwa zimeziba au zimeathirika vibaya. Ateri ya ndani ya kifua ni kinyume chake. Imeumbwa kwa shinikizo hilo, na utando wake wa ndani hustahimili mafuta. Baada ya muda uo huo, zaidi ya 9 kati ya kila 10 huwa bado ziko wazi. Mwaka 1986 watafiti wa Cleveland walionyesha kwamba wagonjwa waliounganishiwa ateri hiyo kwenye ateri kuu ya mbele ya moyo waliishi muda mrefu kuliko waliotiwa vena pekee. Tangu hapo, jambo hilo limekuwa desturi ya wapasuaji.

Ikiwa ateri moja ni bora, je, mbili si bora zaidi? Utafiti uitwao ART uliwahusisha wagonjwa 3102 katika nchi 7, nao ukalinganisha utumiaji wa ateri moja ya kifua na zote mbili. Matokeo ya miaka 10, yaliyochapishwa 2019, yalionyesha kuwa waliofariki ni asilimia 20.3 ya kundi la ateri mbili na asilimia 21.2 ya kundi la ateri moja. Tofauti hiyo ni ndogo mno kuthibitisha ubora wa upande wowote. Ni kweli kwamba baadhi ya wagonjwa hawakufanyiwa upasuaji waliopangiwa, na kwa sababu hiyo mjadala haujafungwa. Aidha, kutumia ateri zote mbili huongeza matatizo ya jeraha la kifua, hatari inayowakabili hasa wenye kisukari. Ateri ya mkononi nayo ina matumaini. Uchanganuzi wa mwaka 2018 uliojumuisha wagonjwa 1036 ulionyesha kuwa wapatao ateri hiyo, badala ya vena, katika nafasi ya pili walipatwa na matatizo machache ya moyo katika miaka 5.

Moyo usimame au upige?

Katika miaka ya 1990, wapasuaji wengi walivutiwa na upasuaji wa moyo unaopiga, wakitarajia kuepuka madhara ya mashine. Hoja yao ilikuwa na mantiki, lakini mantiki si ushahidi. Utafiti wa ROOBY, uliofanyiwa wanajeshi wastaafu 2203 nchini Marekani, ulionyesha kwamba baada ya miaka 5 asilimia 15.2 ya waliopasuliwa bila mashine walikuwa wamefariki, ilhali kwa waliotumiwa mashine ni asilimia 11.9. Kufikia miaka 10, tofauti ya vifo haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitika kitakwimu. Kwa upande mwingine, utafiti wa CORONARY, uliohusisha wagonjwa 4752 katika nchi 19, haukuona tofauti yoyote ya maana. Baada ya miaka 5, waliofariki au kupatwa na matatizo makubwa walikuwa asilimia 23.1 bila mashine na 23.6 kwa mashine.

Kwa nini tafiti hizi zitofautiane? Sababu moja inayotajwa ni uzoefu wa mkono. CORONARY ilitaka mpasuaji awe ameshafanya zaidi ya pasuaji 100 za aina hiyo, ilhali ROOBY iliridhika na 20. Kushona uzi mwembamba kuliko unywele juu ya moyo unaoruka si kazi ya mwanagenzi. Usiache mbachao kwa msala upitao, walinena wahenga. Hata hivyo, msala huo una mahali pake: mgonjwa ambaye ateri yake kuu imekauka kwa chokaa huweza kunufaika iwapo haitaguswa.

Mgonjwa wa kisukari

Mjomba aliuliza pia kwa nini asiwekewe kibomba cha chuma cha kupanua mshipa, kama jirani yake. Jibu limo katika utafiti wa FREEDOM wa mwaka 2012, uliohusu wagonjwa 1900 wa kisukari wenye mishipa kadhaa iliyoziba. Baada ya miaka 5, asilimia 16.3 ya waliowekewa vibomba walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na 10.9 ya waliopasuliwa. Hata hivyo, kiharusi kilikuwa kingi zaidi miongoni mwa waliopasuliwa: asilimia 5.2 dhidi ya 2.4. Faida hiyo, basi, ina gharama, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa yote mawili.

Tatizo la neno moja

Hapa ndipo taaluma yetu inapoingia. Katika mazungumzo ya kila siku, mshipa ni njia ya damu, ni mshipa wa fahamu, na tena ni jina la maradhi ya ngiri. Neno moja limebeba mizigo mingi. Maadamu ateri na vena zote ni mshipa, mgonjwa hawezi kuuliza ni upi atakaopandikizwa, na tumeona kwamba jibu la swali hilo linahusu miaka ya uhai. Istilahi ateri na vena tunazo katika vitabu vya sayansi, ila zimebaki huko. Kazi iliyosalia ni kuzitoa zifike barazani, zikiandamana na maelezo mepesi: ateri hutoa damu moyoni, vena huirejesha.

Hitimisho

Tumeona kwamba ateri ya kifua hudumu kuliko vena, kwamba matumizi ya mashine hayajathibitika kuwa na ubaya uliodhaniwa, na kwamba uzoefu wa mpasuaji una uzito. Hali kadhalika, kuacha sigara na kumeza dawa za kila siku ndiko kunakoilinda njia mpya isizibe kama ile ya kwanza.

Mjomba alirudi kwa daktari akiwa na karatasi yenye maswali matatu ya Kiswahili: Mtatumia ateri au vena? Moyo utasimamishwa? Wewe umefanya pasuaji ngapi za aina hii? Alijibiwa yote matatu, kwa Kiswahili. Angetumia ateri ya kifua kwa mshipa mkuu wa mbele, na vena ya mguuni kwa miwili iliyosalia. Mzee alikunja karatasi, akaitia mfukoni, akauliza tarehe.