Chakula cha Jioni Wakati wa Baridi

Katika mwezi wa Julai, jua linapotua nyuma ya milima ya Makete, baridi hushuka upesi. Watu hufunga milango mapema na watoto husogea karibu na meko. Alfajiri nyasi za mabondeni huonekana nyeupe kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Baridi kama hiyo huwapata pia watu wa Njombe, Mufindi na sehemu nyingine za Nyanda za Juu za Kusini mwa Tanzania, kuanzia Juni hadi Agosti. Kama wewe unakaa Tanga au Lindi, huenda hujawahi kuiona sakitu. Lakini hata wewe umewahi kunyeshewa na mvua, ukarudi nyumbani ukitetemeka, ukakuta sufuria inatokota jikoni. Bila shaka unakumbuka ulivyojisikia ulipokwisha kula.

Je, joto lile lilitoka wapi? Na lile joto jingine, lililotoka katika kuni na kupotea hewani kabla chakula hakijaiva, lilikwenda wapi? Katika nyumba ambayo kuni hutafutwa mbali, au mkaa hununuliwa kwa kopo, maswali haya si madogo.

Joto la mwili

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la karibu 37 °C. Usiku wa Julai huko Njombe, hewa inaweza kuwa na joto lililo chini ya 10 °C. Kitu chenye joto kikiwekwa mahali pa baridi hupoteza joto lake, na mwili wako nao hupoteza joto usiku kucha, hata ukiwa umejifunika blanketi. Blanketi halitengenezi joto; kazi yake ni kulichelewesha lisitoke. Joto lenyewe hutengenezwa ndani ya mwili.

Mwili hutengeneza joto kwa kuunguza chakula. Usidhani kwamba kuna mwali wa moto tumboni! Chakula kilichosagwa husafirishwa na damu mpaka kwenye misuli na viungo vingine. Huko huungana polepole na oksijeni uliyoivuta kwa pumzi, na katika kuungana huko joto hutokea. Baridi ikizidi, misuli yako huanza kujikunja na kujinyosha upesi upesi bila wewe kuiamuru. Huko ndiko kutetemeka. Misuli inapofanya kazi hivyo, chakula kingi zaidi huunguzwa na joto zaidi hupatikana. Ndiyo sababu wakati wa baridi mtu husikia njaa mapema.

Watu wengi hudhani kwamba chakula cha moto hutupasha joto kwa sababu tu ni cha moto. Hebu tulipime jambo hilo. Chukulia kwamba umekunywa nusu lita ya chai ya rangi isiyo na sukari, na joto la chai hiyo ni 57 °C. Ikifika tumboni hupoa mpaka ilingane na joto la mwili, yaani 37 °C. Joto inalouachia mwili ni dogo sana. Punje nne za karanga, hata zikiwa za baridi, zitaupa mwili joto kama hilo au zaidi kidogo zitakapounguzwa. Chai hiyo inafariji mikono na koo, nasi hatuikatazi, lakini haiwezi kukufikisha mpaka asubuhi. Mtoto aliyelala na chai tupu ataamka usiku kwa baridi na njaa.

Sufuria ya makande

Ni chakula gani basi kitatufaa jioni ya baridi bila kumaliza fedha za nyumbani? Vipo vingi. Ugali kwa dagaa na mboga za majani ni chakula chema, na vivyo hivyo viazi mviringo vilivyopikwa pamoja na njegere. Hapa tutachagua makande, kwa kuwa vitu vinavyohitajika hupatikana katika ghala la mkulima wa kawaida. Chakula hiki hupikwa sehemu nyingi za nchi yetu, na jirani zetu wa Kenya hupika kinachofanana nacho wakakiita githeri.

Mahindi hutoa wanga mwingi, nao ndio unaounguzwa kutupatia joto na nguvu. Maharage yana wanga pia, lakini sifa yake kubwa ni protini, ambayo hujenga mwili. Ajabu ya makande ni kwamba vyakula hivi viwili hukamilishana. Protini ya mahindi ina upungufu wa sehemu fulani, na sehemu hiyo ipo kwa wingi katika maharage. Protini ya maharage nayo ina upungufu wa sehemu nyingine, ambayo mahindi yanayo. Mtu akila vyote viwili pamoja hupata protini nzuri hata siku ambayo hakuna nyama. Ukitia karanga zilizotwangwa, au kijiko cha mafuta, makande yatakuwa na nguvu zaidi, kwa maana gramu moja ya mafuta hutoa joto zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya wanga.

Tatizo la makande ni kuni. Maharage makavu huchelewa kuiva, na katika nchi za milimani huchelewa zaidi. Sababu yake ni hii. Dar es Salaam, iliyo kando ya bahari, maji huchemka yakifikia joto la 100 °C. Kadiri tunavyopanda juu, uzito wa hewa inayoyakandamiza maji hupungua, nayo huchemka kabla ya kufikia joto hilo. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye joto la 93 °C hivi. Mgeni kutoka pwani huona sufuria inatokota kwa kishindo, akadhani maharage yataiva upesi kama kwao. Kumbe maji yale yanayotokota yana joto pungufu.

Mgeni huyo akiongeza kuni, je, maji yatazidi kupata joto? Hapana. Maji yakisha kuchemka, joto lake halipandi tena katika sufuria ya kawaida. Moto mkubwa utayageuza maji kuwa mvuke upesi zaidi tu, na mvuke una gharama kubwa. Kuigeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara tano ya lile lililotumika kuyachemsha tangu yalipokuwa ya baridi. Kwa hiyo mvuke mwingi unapoonekana ukipaa jikoni, hizo ni kuni zinazopaa. Mpishi anayejua kazi yake hufunika sufuria barabara, na maji yakisha kuchemka huzivuta nje baadhi ya kuni ili sufuria iendelee kutokota taratibu.

Msaada mwingine hauna gharama yoyote. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, loweka maharage katika maji mengi safi. Kufikia asubuhi yatakuwa yamevimba, na uzito wake utakuwa karibu mara mbili. Maji yamekwisha kuingia ndani, kazi ambayo ingefanywa na moto kwa muda mrefu. Mwaga maji hayo na upike kwa maji mapya. Pamoja na maji hayo utamwaga sehemu ya sukari za maharage zinazojaza gesi tumboni. Mahindi nayo yalowekwe, hasa kama hayakukobolewa.

Jaribio

Tafuta makopo mawili yanayolingana, yenye vifuniko. Mwombe mwalimu ayajaze maji ya moto ya kiasi kilekile, naye ayafunike. Kopo moja liache wazi juu ya meza. Jingine lizungushie nyasi kavu nyingi, kisha ulifunge kwa gunia au kipande cha blanketi, juu na chini. Baada ya saa moja pima joto la maji ya kila kopo kwa kipimajoto. Kama shule haina kipimajoto, gusa makopo kwa nje kwa uangalifu. Andika uliyoyaona.

Utaona kwamba maji yaliyozungushiwa nyasi yamebaki na joto kubwa. Kati ya nyasi kuna hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole mno. Ni kazi ileile inayofanywa na blanketi lako, na pia na manyoya ya kuku anapojitutumua asubuhi ya baridi.

Kapu la kutunza joto

Jambo uliloliona katika jaribio linaweza kutumika jikoni. Chukua kapu kubwa au sanduku. Tandika ndani nyasi kavu, pumba za mpunga, au nguo kuukuu, na katikati uache nafasi ya kuingia sufuria. Shona mto mnene wa kufunika juu. Sasa pika makande yako motoni. Maharage yaliyolowekwa yakisha kuchemka kwa nguvu kwa muda usiopungua nusu saa, epua sufuria bila kuifunua, iweke mara moja ndani ya kapu, na kuifunika kwa mto. Chakula kitaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe kwa saa tatu au nne bila kijiti kimoja cha kuni. Mama anaweza kuondoka kwenda shambani, wala makande hayataungua. Sufuria iliyojaa hutunza joto vizuri kuliko iliyojaa nusu, kwa hiyo kapu huwafaa sana watu wa jamaa kubwa.

Lakini angalia sana jambo hili. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha. Kuchemka kwa nguvu huiondoa sumu hiyo. Joto la wastani haliiondoi. Ndiyo maana hatuyaweki maharage katika kapu kabla hayajachemka vya kutosha. Tena, utakapofungua kapu, chakula lazima kiwe bado cha moto. Kama kimekuwa cha uvuguvugu tu, kirudishe motoni kichemke kabla ya kukila, kwa kuwa vijidudu huzaliana upesi katika chakula cha uvuguvugu. Kiporo cha makande nacho kichemshwe chote asubuhi, mpaka katikati, si kupashwa juu juu.

Mboga za majani zisiwekwe katika kapu. Vitamini C iliyomo huharibiwa na joto la muda mrefu. Zioshe kwanza, ndipo uzikate, kisha zipike kwa dakika chache wakati watu wanakaribia kula.

Makaa ya usiku

Chakula kimekwisha liwa, na jikoni yamebaki makaa mekundu. Nje baridi ni kali. Hapo ndipo watu wengine hulichukua jiko la mkaa wakaliingiza chumbani, wakafunga mlango na dirisha, wakalala. Watu wamekufa kwa kufanya hivyo, wakubwa kwa watoto.

Mkaa unapowaka katika hewa isiyotosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, na makaa yanaweza kuitoa hata kama hayatoi moshi wowote. Ukiivuta, huingia katika damu na kukamata nafasi ya oksijeni. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Aliyekwisha lala hapati nafasi ya kuamka na kufungua mlango.

Jiko la mkaa liachwe nje au lizimwe kabisa kabla ya kulala. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, usikae humo kutafuta sababu. Fungua mlango na madirisha, mtoeni nje kwenye hewa safi, piteni kelele kuwaita watu, na apelekwe hospitali upesi. Kama ni wakubwa waliotaka kuliingiza jiko chumbani, waeleze kwa adabu uliyojifunza hapa. Mtoto anaruhusiwa kusema jambo hili hata mbele ya wazee.

Maswali

1. Kwa nini mtu husikia njaa mapema wakati wa baridi?
2. Asha alikunywa chai ya rangi isiyo na sukari, na Juma alikula karanga za baridi kiganja kimoja. Mwili wa nani ulipata joto zaidi? Eleza.
3. Mpishi mmoja wa Makete ameongeza kuni ili maji yanayochemka yazidi kupata joto. Je, atafanikiwa? Maji yake yatakuwaje?
4. Kwa nini maharage huchemshwa kwa nguvu kabla ya kuwekwa katika kapu?
5. Waulize watu wa nyumbani kwenu hutumia kuni au mkaa kiasi gani kupika maharage. Mara nyingine wakipika, maharage yalowekwe usiku kucha na sufuria ifunikwe. Linganisha, kisha ulete majibu darasani.