Kioo cha ndege si kioo: nilivyokipasua kipya bila kukigusa

Juzi kijana mmoja wa hapa kijiweni kaniuliza: "Kaka, hivi ndege ikipasuka kioo cha mbele wanaipeleka kwa mafundi wa vioo vya magari?" Wenzake wakacheka mpaka basi. Mimi sikucheka. Nilipoanza kazi ya usaidizi kwenye karakana ya ndege ndogo nilikuwa nawaza hivyo hivyo, na ujinga wangu uliwagharimu watu kioo kipya kabisa. Ngoja niwaelezee.

Kwanza, kwenye ndege ndogo kile sio kioo. Ni plastiki ngumu inayoitwa akriliki. Kioo cha gari ni vipande viwili vya kioo halisi vilivyobandikwa pamoja, katikati kuna utando wa plastiki. Ni kizito. Akriliki ni nyepesi, na ikipashwa moto inakubali kupindwa, ndio maana unaona kioo cha Cessna kimevimba vizuri kama shavu. Ubaya wake inachunika upesi, na ina maadui wengi.

Adui mkubwa ni sisi wasafishaji. Ukiifuta kwa kitambaa kikavu, vumbi linageuka msasa. Petroli, spiriti, thina, hata ile dawa ya kupuliza ya kusafishia madirisha ya nyumbani, vyote ni sumu kwake. Vinaiacha na vijufa vidogo vidogo kama utando wa buibui. Mchana wa kawaida huvioni. Vinajitokeza siku rubani anatua jioni jua likiwa usoni: kioo kizima kinawaka mwanga, haoni njia ya kutua wala ng'ombe aliyesimama katikati yake. Dawa yake ni maji mengi na sabuni laini, na unasugua kwa kiganja kitupu ili usikie mchanga. Kama kuna grisi, mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa laini yanaruhusiwa. Ndiyo, mafuta ya taa yanaruhusiwa, petroli marufuku. Hata mimi nilibisha.

Sasa tuje kwenye kubadilisha. Yetu ilikuwa Cessna 172, ile ya viti vinne ambayo zimeshatengenezwa zaidi ya 44,000 duniani. Kioo chake ni kipande kimoja. Kimekaa ndani ya mifereji ya bati juu na pembeni, na chini kwa mbele kimeshikwa na ukanda wa bati uliofungwa kwa skrubu na riveti. Unatoboa riveti za ule ukanda kwa drili, taratibu usije ukapanua matundu ya bodi, halafu unakivuta kioo kuelekea mbele kinatoka. Kusema ni rahisi. Gundi ya zamani ya kuzibia ilikuwa imegandamana kama ugali wa jana, na kuikwangua ndiko kulikokula muda wetu. Huwezi kutumia patasi, maana alumini ikichubuka inaanza kuliwa.

Kioo kipya kinakuja kimefunikwa karatasi ya kukilinda, na huwa kimezidi kidogo pembeni makusudi. Unakijaribisha, unaweka alama, unakitoa, unapunguza, unajaribisha tena. Kila ukingo uliokatwa lazima usuguliwe uwe laini kabisa. Mwishoni unazungushia utepe wa kitambaa kizito na gundi laini ya kuzuia maji, unaanza kuingiza kona ya juu, unakwenda pole pole.

Basi bwana, mimi nilipewa kazi ya kupunguza. Nilirudia mara nne, mara tano, mikono imechoka. Mzee wetu, fundi mwenye leseni, akaenda kupata chakula. Nikajaribisha tena, kikaingia kwa kubana. Nikasukuma kwa kiganja, kikakaa tii! Nikafurahi, nikijua kubana ndiyo uimara. Mzee aliporudi ukingo ulikuwa umeshafunikwa. Akaniuliza, "Kijana, umeacha nafasi?" Nikajibu, "Ndiyo, Mzee." Jamani, hata sikujua ni nafasi gani anayoiulizia.

Kesho yake tukaitoa ndege nje. Saa saba mchana, jua kali, hakuna mtu aliyekuwa karibu nayo. Tukasikia "tak!" Ufa ulianzia kona ya chini ukapanda, urefu kama mkono wangu kuanzia kiwikoni.

Nafasi yenyewe ni hii. Kila kitu kikipata moto kinatanuka, lakini akriliki inatanuka kama mara tatu ya alumini. Chukua kioo chenye upana wa mita moja, na joto lipande nyuzi 30, kitu cha kawaida kwa ndege iliyotoka kivulini ikaanikwa kwenye lami. Kioo kitarefuka kama milimita 2, bati halifiki hata milimita 1. Ile ya ziada itakwenda wapi kama umeziba kila upenyo? Kwenye ndege ambazo skrubu zinapita ndani ya plastiki yenyewe ni vile vile: tundu linatobolewa pana kuliko skrubu, na mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani unasema ukishakaza nati, uirudishe nyuma mzunguko mmoja mzima. Ulegeze kwa makusudi!

Mwenye ndege alikuwa na safari. Akaomba aruke nayo hivyo hivyo, eti ufa uko pembeni. Mzee akamuuliza kama ameshaona mama anavyotenganisha doti ya kanga: anakata kidogo tu kwa mkasi, kisha anavuta, inachanika yenyewe mpaka mwisho. Ncha ya ufa ndio huo mkasi. Kuna ufundi wa kutoboa kijitundu cha mviringo pale ncha inapoishia ili ufa usiendelee, lakini hiyo ni ya muda tu, na kwa ufa mfupi. Wa kwetu haukuwa mfupi. Jamaa akanuna, ndege ikabaki chini.

Ila msije mkaenda kulegeza kila kioo. Ndege kubwa zinajazwa hewa ndani, na hewa ile inasukuma kioo kitoke nje. Tarehe 10 Juni 1990, ndege ya British Airways aina ya BAC One-Eleven ilitoka Birmingham kwenda Málaga ikiwa na abiria 81. Ilipofika kama futi 17,300 kioo cha upande wa kapteni kikang'oka. Kapteni Tim Lancaster akavutwa nje nusu mwili, wahudumu wakamshikilia miguu mpaka msaidizi wake, Alastair Atchison, alipoitua Southampton. Wote walipona, na kapteni akarudi kazini mwaka ule ule. Kioo kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Boliti 84 kati ya 90 zilikuwa nyembamba kuliko zinazotakiwa kwa milimita 0.66, kwa sababu fundi wa zamu ya usiku alizilinganisha kwa macho badala ya kuangalia namba kwenye kitabu.

Mzee alinisimulia habari hiyo jioni ile ile, bila kunifokea. Fundi yule hakuwa mlevi wala mvivu, alisema, aliona zimefanana. Halafu akanikabidhi kioo nilichokipasua na drili, akaniambia nitoboe matundu mpaka niweze kutoboa 20 mfululizo bila ufa. Ilinichukua wiki nzima. Cha pili kilipofika nilikipunguza mwenyewe, na safari hii aliponiuliza kuhusu nafasi sikujibu kwa mdomo. Nilimwita aje apime.

Mwenye swali aweke hapo chini, nitajibu ninayoyajua.