Vitenzi vya silabi moja na kiambishi ku- katika Kiswahili cha Butembo na Beni

1. Utangulizi

Kiswahili kina vitenzi vichache ambavyo mashina yake hayazidi silabi moja. Vilivyo maarufu ni -cha, -chwa, -fa, -ja, -la, -nya, -nywa, -pa na -wa. Kwa idadi ni vichache mno, lakini kwa matumizi havina mfano, kwa kuwa vinataja mambo ya msingi ya maisha: kula, kunywa, kuja, kuwa na kufa. Hata hivyo, vitenzi hivi ndivyo vinavyowatatiza wanafunzi wa Butembo na Beni wanapotoka katika Kiswahili cha nyumbani na cha sokoni ili kuandika Kiswahili sanifu. Makala haya yanakusudia kueleza maana za vitenzi hivyo, kanuni inayotawala kiambishi ku-, na hatari ya kupuuza herufi moja katika maneno mafupi kiasi hiki.

2. Maana

Katika kundi hili, herufi moja hutenga maana zilizo mbali kabisa. Tofauti ya -la na -fa ni konsonanti moja tu. Kitenzi -cha humaanisha kupambazuka, kama katika «usiku kucha». Pia humaanisha kuogopa kwa heshima, na ndiyo asili ya neno «mchamungu». Herufi w ikiongezwa, hupatikana -chwa, yaani jua kutua, ambapo umbo lake jingine limo katika «mchana kutwa». Vivyo hivyo -nya na -nywa. Kitenzi -nya kilihusu mvua na haja kubwa pia. Kwa sababu ya maana hii ya pili, watu hukiepuka na kusema kwamba mvua inanyesha.

3. Kanuni ya ku-

Katika Kiswahili sanifu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kitenzi chenye shina la silabi moja hulazimika kuuweka mkazo huo juu ya kiambishi kinachotangulia shina. Viambishi vingine hukubali kuubeba, vingine hukataa. Vya njeo -na-, -li-, -ta-, -me- na -nge- havikubali. Kwa hiyo ku- huingizwa ili kuubeba: anakula, alikunywa, atakuja, wamekufa, angekuwa. Ndivyo ilivyo pia kwa kirejeshi: aliyekuja.

Kinyume chake, hu-, -ka-, -ki-, -ja- ya ukanushi na viambishi vya nafsi hukubali mkazo, na hapo ku- haihitajiki: hula, akala, akila, hajala, nile, hali. Katika «hakula» ku- ipo, lakini si ile ya awali. Ni alama ya ukanushi wa wakati uliopita, nayo hubeba mkazo yenyewe.

Kiambishi cha shamirisho nacho hubeba mkazo. Ndiyo maana husemwa «amekila chakula», si «amekikula». Kutokana na kanuni hii huzuka utata unaostahili kuangaliwa. Sentensi «Simba atakula» ina maana mbili: kwamba simba atapata mlo, au kwamba atakula wewe unayeambiwa. Kitenzi -pa hakina utata huo. Daima huchukua shamirisho la mpewaji, kwa hiyo hakihitaji ku- ya kubeba mkazo. Ku- katika «nimekupa» ni wewe, si kitu kingine.

4. Mazungumzo ya Butembo na Beni

Katika miji hii miwili Kiswahili hukaa pamoja na Kinande. Msemaji wa Kinande husema «erirya» kwa kula na «erinywa» kwa kunywa. Alama ya kitenzi-jina kwake ni eri-. Hivyo ku- ya «kula» haimwambii kwamba ni kiambishi. Ni rahisi kwake kulichukua «kula» kama shina zima, na ndipo husikika «tukule», «akunywe» na «hakuli», mahali ambapo usanifu hudai «tule», «anywe» na «hali». Kwa «kuja» husikika «kuya», hata katika kuamuru, pale ambapo usanifu husema «njoo».

Maumbo haya si uzembe. Yanafuata mpango mmoja: kila shina lipewe silabi mbili, popote lilipo. Kinande chenyewe kinajua haja ya namna hiyo. Mwaka 1990 Ngessimo Mutaka na Larry Hyman walichapisha katika jarida la Phonology uchunguzi juu ya uradidi wa Kinande. Walionyesha kwamba sehemu inayoradidiwa hudai silabi mbili, hata kitenzi cha silabi moja hutamkwa mara tatu badala ya mbili.

5. Umuhimu wa jambo hili

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Lakini uzito wa suala hili ulionekana zaidi wakati wa ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2.287. Beni na Butembo zilikuwa katikati ya janga hilo. Shirika la Translators without Borders lilichunguza suala la lugha katika Kivu ya Kaskazini, likaonyesha kwamba maelezo ya Kifaransa na ya Kiswahili sanifu hayakuwafikia wengi kama yalivyokusudiwa.

Mwandishi wa tangazo la afya anadaiwa mambo mawili. Kwanza, ajue kwamba msomaji aliyezoea «akunywe» anaweza kusita mbele ya «anywe». Pili, achunge herufi zake: atakayeacha w moja katika «maji ya kunywa» atakuwa ameandika jambo la aibu, na katika janga, tangazo linalochekwa halifuatwi.

6. Hitimisho

Imeonekana kwamba ku- ya vitenzi vifupi inatawaliwa na mkazo, na kwamba Kiswahili cha Butembo na Beni kimetatua tatizo lile lile kwa njia iliyo nyepesi zaidi. Mwalimu atafanya vema kuyaweka maumbo yote mawili ubaoni, «tule» na «tukule», na kueleza kanuni ya kila moja, kabla ya kuchukua kalamu nyekundu.