Kadi ya Estonia na Karatasi ya Dalali

Mwezi uliopita alifika afisini kwetu mwanachama mmoja, mtu mzima, na karatasi mkononi. Karatasi ile alipewa mwanawe na dalali wa mjini. Ilieleza kwamba kijana akilipa fedha zilizotajwa atapatiwa "ukaazi wa Ulaya" hali yumo nyumbani kwao, na baada ya hapo atakwenda na kurudi apendapo. Mzee hakutaka maneno mengi kwetu. Alitaka kujua kama aiweke rehani mikarafuu yake apate kumlipia mwanawe, ama asiiweke.

Tulimwomba asubiri kidogo. Tuliyoyasoma na kuyahakiki tangu siku ile twayaandika hapa, kwani hatudhani kuwa karatasi ile imeingia nyumba moja tu.

Kwanza, nchi iliyotajwa ipo na jambo lenyewe lipo. Estonia ni nchi ndogo iliyo pwani ya bahari ya Baltiki, kaskazini ya Ulaya, na Urusi ni jirani yake wa mashariki. Watu wake ni kiasi cha milioni 1.3, yaani ni wachache kuliko watu wa Unguja na Pemba, ambao katika sensa ya mwaka 2022 walifikia 1,889,773. Na wao pia wana visiwa, tena zaidi ya 2,000, ingawa vingi havikai watu. Waliporudi kujitawala mwaka 1991, baada ya kuwa chini ya Urusi ya Kisovieti, hazina yao ilikuwa nyepesi na nchi haikuweza kufungua afisi kubwa kila pembe. Wakaona afadhali afisi imfuate mtu kuliko mtu kuifuata afisi. Mwaka 1996 walianza mpango wa kutia kompyuta na intaneti katika skuli zao, na mwaka 2002 wakaanza kuwapa raia kitambulisho chenye kidude kidogo cha elektroniki ndani yake.

Wengi wakisikia khabari hii husifu mashine. Sisi twaona kuwa kiini chake ni sheria. Mwaka 2000, kabla ya kadi zenyewe kutoka, Estonia ilipitisha sheria inayosema kwamba sahihi iliyotiwa kwa njia ya kompyuta ina nguvu ile ile ya sahihi ya mkono. Mwenye kadi ana namba mbili za siri. Ya kwanza ni ya kujitambulisha, kama mtu anayebisha hodi akataja jina lake. Ya pili ni ya kutia sahihi, na akishaitia hawezi kusema kuwa si yeye. Ndiyo maana namba hizo hapewi mtu mwingine, hata akiwa ndugu wa tumbo moja.

Jambo la pili ni madaftari. Kila idara ina daftari lake na hulitunza wenyewe, lakini tangu mwaka 2001 madaftari hayo huulizana kwa njia iitwayo X-Road. Kwa hivyo serikali ikishajua tarehe yako ya kuzaliwa, haikuulizi tena katika afisi nyingine. (Wanachama waliowahi kupeleka nakala ya cheti kile kile madirisha matatu katika asubuhi moja watajua thamani ya jambo hilo.) Na afisa akilifungua daftari lako, jina la idara yake na saa aliyolifungua huandikwa, nawe waweza kwenda kutazama ni nani aliyekuchungulia.

Hayo yalikuwa ya raia. Tarehe 1 Desemba 2014 Estonia ikawafungulia wageni. Mgeni wa mwanzo kupewa kadi alikuwa Edward Lucas, mwandishi wa magazeti wa Uingereza, na tangu hapo waliopewa wamepindukia 100,000. Kwa kadi hiyo mtu aliye mbali aweza kuandikisha kampuni Estonia, kutia sahihi mikataba, na kupeleka hesabu za kodi, yote hayo bila ya kukanyaga ardhi ya nchi ile.

Sasa tuje kwenye neno "ukaazi", kwani hapo ndipo dalali alipopata mwanya. Kadi hii haimpi mtu uraia wa Estonia. Haimpi haki ya kuingia Estonia wala nchi nyingine ya Ulaya, wala ya kukaa huko, wala ya kuajiriwa huko. Si viza na si hati ya kusafiria. Hata picha ya mwenyewe haina. Serikali ya Estonia yenyewe yaeleza hivyo waziwazi. Anayeinunua kwa nia ya kusafiri amenunua ufunguo wa kabati la afisi akidhani ni wa mlango wa nyumba.

Tena hapana haja ya dalali. Mwombaji hujaza maombi mwenyewe katika intaneti na kulipa ada ya serikali. Polisi wa Estonia humchunguza, na waweza kumkataa. Akikubaliwa, huenda mwenyewe kuichukua ubalozini au katika kituo kilichowekwa, na huko hutoa alama za vidole. Basi mtu anayekuahidi kadi kwa yakini akuahidi kitu kisicho mkononi mwake. Fedha zilizoandikwa katika karatasi ile ya mzee zilikuwa mara nyingi zaidi ya ada tuliyoitaja.

Kuhusu kodi yasemwa mengi, na mengi ni nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba Estonia haitozi kodi ya mapato juu ya faida inayobaki ndani ya kampuni. Hutoza pale faida inapogawiwa wenyewe, na tangu mwaka 2025 kiwango ni asilimia 22. Lakini kadi haimtoi mtu katika kodi ya kwao. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, kampuni inayoongozwa kutoka ndani ya Tanzania huhesabiwa kuwa mkaazi wa Tanzania, hata ikiwa imeandikishwa ng'ambo. Kijana aliyeketi Wete au Mkoani akaiongoza kampuni yake ya Estonia kwa simu, asije akadhani kuwa amejificha. Na kule Estonia atahitajiwa kuwa na anwani na mtu wa kupokea barua zake, ambavyo kwa kawaida hulipiwa, na kupeleka hesabu kila mwaka hata kama hakuuza kitu.

Benki ni shida nyingine. Kadi si ahadi ya hesabu ya benki, na benki za huko huwa na hadhari kubwa kwa mwenye kampuni asiye na shughuli wala mtu katika nchi yao.

Wala mitambo yao si malaika. Mwaka 2017 ilionekana ila katika kidude cha ndani ya kadi, na mwezi wa Novemba serikali ikazisimamisha kadi zaidi ya 700,000 hadi zitengenezwe. Twapenda kusema kuwa hawakuficha: waliitangaza ila yao wenyewe, na nyingi zilitengenezwa kwa njia ya intaneti.

Je, yuko anayefaidika? Yuko. Kijana anayefanya kazi ya kutafsiri, kuchora au kutengeneza programu, mwenye wateja Ulaya wanaotaka hati ya madai kutoka kampuni ya Ulaya, aweza kuona faida, ikiwa mapato yake yanabeba gharama za kila mwaka. Asiye na mteja hata mmoja hatapewa mteja na kadi. Na kwa karafuu zetu haibadilishi kitu. Karafuu ina sheria yake ya kuuzwa, na sheria hiyo iko hapa hapa.

Mzee tulimjibu asiweke rehani hata mti mmoja. Mwanawe alikuja siku ya pili, amenuna kidogo, tukamwonyesha ukurasa wa serikali ya Estonia akausoma mwenyewe. Alikuwa amekwisha kumpa dalali sehemu ya fedha, na hadi tunaandika haya hazijarudi. Mwanachama mwenye karatasi kama ile na ailete afisini asubuhi ya siku yoyote ya kazi, kabla ya kulipa, tuisome pamoja.