Sarafu Haijazama, Imefunikwa

Mwishoni mwa Julai 1881, Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aliingia Ikulu ya Marekani akiwa na koili za waya na kipokea sauti cha simu. Rais James Garfield alikuwa kitandani tangu tarehe 2 ya mwezi huo, siku aliyopigwa risasi katika kituo cha treni jijini Washington. Madaktari walikuwa wameshindwa kujua risasi imekaa wapi mwilini. Chombo cha Bell kilikwishajaribiwa na kilifanya kazi: kikikaribia risasi, kinatoa sauti. Juu ya mwili wa Rais, hata hivyo, sauti zilikuja kwa namna isiyoeleweka, na baadaye ilibainika kwamba mgonjwa alikuwa amelazwa juu ya godoro lenye springi za chuma. Garfield alifariki tarehe 19 Septemba. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kuwa risasi ilikuwa upande wa kushoto, na kwa muda wote ule ilikuwa ikitafutwa upande wa kulia.

Leo wako watu wengi wanaozunguka bustani za umma za miji ya Marekani wakiwa na detekta ya metali mkononi na vipokea sauti masikioni, wakitafuta sarafu za kale. Kinachowakwamisha ndicho kilichomkwamisha Bell. Karibu na kitu kinachotafutwa kuna chuma kingine kinachosema kwa sauti kubwa zaidi.

Tangu detekta ziliposhuka bei na kuenea miaka ya 1970, bustani hizo zimepitwa na watafutaji wasiohesabika. Zile za katikati ya miji, zilizokuwa na jukwaa la bendi au uwanja wa sherehe za uhuru za Julai 4, zimepitwa mara nyingi kiasi kwamba wenyeji husema zimekwisha. Anayeamini hivyo hukata shauri kwamba sarafu zilizobaki zimezama mno, basi ananunua koili kubwa, yaani kile kichwa cha duara cha detekta kinachopitishwa juu ya ardhi, ili afike chini zaidi. Hapo ndipo wengi hupotea. Sarafu nyingi zilizobaki katika bustani hizo ziko kina cha sentimita 10 au 15 tu, mahali ambapo detekta ya kawaida inafika bila taabu. Hazikuzama. Zimefunikwa na majirani zao.

Tuangalie mambo yanavyokwenda chini ya koili. Detekta hupitisha umeme kwenye waya uliozungushwa ndani ya koili, na umeme huo hubadili mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Unazaa uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga ukikuta metali, unaamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo inatoa uga wake dhaifu, unaonaswa na waya wa pili wa koili. Mwitikio huo huchelewa kidogo, na kila metali ina uchelewaji wake. Chuma kina wa kwake, alumini wa kwake, shaba na fedha wa kwao. Mashine inapima tofauti hiyo na kuigeuza kuwa namba kwenye kioo na sauti masikioni: nzito kwa chuma, nyembamba na ya juu kwa fedha.

Tatizo ni kwamba mashine haioni vitu kimoja kimoja. Inatoa jibu moja kwa vyote vilivyo chini ya koili kwa wakati huo. Msumari na sarafu ya fedha vikiwa pamoja, jibu linachanganyika, na mara nyingi msumari ndio unaoshinda. Mtafutaji akiwa ameiamuru mashine yake inyamaze kila inapokutana na chuma, itanyamaza hata kwa sarafu iliyolala ubavuni mwa chuma hicho. Atapita juu ya sarafu ya fedha akiwa na hakika kwamba hapana kitu.

Kwa hiyo koili ndogo ina maana kubwa, na hesabu yake ni nyepesi. Koili ya kawaida inayokuja na detekta ina kipenyo cha karibu sentimita 28, na inafunika eneo la sentimita za mraba 615 hivi. Koili ndogo ya sentimita 15 inafunika 177. Sasa chukulia uwanja wenye vipande 30 vya takataka za metali katika kila mita moja ya mraba, jambo la kawaida palipowahi kuwa na nyumba au kibanda cha vinywaji. Chini ya koili kubwa kutakuwa na karibu vipande viwili kila wakati, wala haipati nafasi ya kusikia kitu kimoja peke yake. Chini ya koili ndogo, kwa wastani, kuna nusu ya kipande. Maana yake ni kwamba mara nyingi haina kitu chini yake, na inapokutana na kitu, inakutana nacho kikiwa peke yake. Ni sawa na kumsikiliza mtu mmoja faraghani badala ya kumsikiliza katikati ya soko.

Faida hiyo ina gharama. Koili ndogo haifiki chini kama kubwa. Upana wake ni nusu, basi utapita mara mbili mahali ambapo mwenye koili kubwa angepita mara moja. Umbo la waya wa ndani nalo lina uzito wake. Koili yenye nyaya mbili za umbo la herufi D zilizopandana migongo hutoa uga mwembamba kama ukanda, kutoka mbele hadi nyuma, na hupenya vizuri kati ya misumari. Lakini hudanganywa kirahisi na vizibo vya soda, kwa kuwa chuma chembamba bapa hupenda kujifanya metali ya thamani. Koili yenye duara ndani ya duara huvumilia vizibo zaidi, ila uga wake huchongoka kadiri unavyoshuka, kwa hiyo mtafutaji hana budi kusogeza hatua fupi zaidi. Mwenye busara huangalia kwanza aina ya uchafu uliopo, ndipo achague koili.

Lipo jaribio ambalo yeyote mwenye detekta anaweza kulifanya mezani kwake, na linafundisha kuliko maelezo marefu. Chukua ubao, weka katikati senti ya Marekani ya Indian Head, iliyotolewa kati ya 1859 na 1909, yenye upana wa milimita 19. Izungushie misumari minne ya chuma iliyokaa ovyo, mmoja karibu uguse ukingo wake. Pitisha koili kubwa: mngurumo wa chuma, basi. Pitisha koili ndogo kutoka kushoto kwenda kulia: mngurumo tena. Sasa zunguka robo ya duara, upitishe polepole kwa upande mwingine. Katikati ya mngurumo unachomoza mlio mfupi, mwembamba, unaokatika kabla hujauamini. Rudia, na unatoka tena pale pale. Hiyo ndiyo senti. Haikusogea, na misumari haikusogea. Kilichobadilika ni upande ambako koili inatokea. Ndiyo maana mtafutaji hodari hulipita eneo moja mara mbili, kaskazini kwenda kusini, kisha mashariki kwenda magharibi, na hapuuzi mlio mfupi unaojirudia.

Takataka zenyewe zinastahili kusomwa, kwa kuwa zina tarehe. Msumari wa pembe nne, uliokatwa kwenye bamba la chuma, ni wa karne ya 19. Kuelekea mwisho wa karne hiyo misumari ya mviringo ya waya iliuondoa sokoni. Kizibo cha chuma chenye meno kilipewa hataza mwaka 1892, kazi ya William Painter wa Baltimore. Kishikio cha kopo kinachong'oka chote na kutupwa kilitokana na Ermal Fraze wa Ohio mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kuanzia 1975 kikaanza kuondolewa na kile kinachobaki kwenye kopo hadi leo. Anayechimbua vishikio vya kung'oka anajua kwamba amefika tabaka la miaka ya 1960 na 1970. Chini yake, au kando yake, kunaweza kuwa na vitu vya waliokuja kabla. Uchafu ni ushahidi kwamba watu waliketi hapa, wakala, wakanunua, wakachezesha watoto. Mahali safi kabisa pengine ni mahali ambapo hakuna aliyewahi kuangusha senti.

Uchafu una mtego mwingine. Kishikio cha alumini hutoa namba zinazokaribiana sana na za sarafu ya nikeli ya senti 5, na za pete nyingi za dhahabu. Senti ya Marekani, ambayo kuanzia 1982 hadi 2025 ilitengenezwa kwa zinki iliyopakwa shaba, husikika karibu sawa na ile ya Indian Head. Anayekataa kuchimba alumini anakataa pia dhahabu. Asiyetaka kushika takataka ashike njia nyingine.

Fedha ndiyo inayowavuta wengi. Hadi 1964, sarafu za Marekani za senti 10, 25 na 50 zilikuwa na fedha asilimia 90. Sheria ya 1965 iliiondoa katika zile za senti 10 na 25. Ile ya senti 10 ina gramu 2.5 tu na upana usiofika milimita 18, na ndiyo inayofichwa kirahisi na msumari. Mtafutaji anayejua kazi akipata mlio wake, hupiga magoti, akakata ukoka pande tatu na kuuacha upande wa nne ushikilie mizizi, kisha akaufunua kama jani la kitabu. Kinachotoka kwanza mara nyingi ni msumari wenye kutu. Mwenye haraka hufukia hapo na kwenda zake. Mwenye subira hurudisha koili juu ya shimo, na sasa mlio umekuwa safi, maana jirani ameondoka. Sarafu iko ukutani mwa shimo, nyeupe, ukingo wake mwembamba ukichungulia kwenye udongo mweusi. Shaba hutoka ya kijani, lakini fedha hutoka karibu na rangi yake. Haisuguliwi kwa kidole, kwa sababu chembe za mchanga huikwaruza. Husuuzwa kwa maji. Udongo unarudishwa, ukoka unalazwa na kukanyagwa, na msumari unaingia mfukoni pamoja na sarafu. Anayeacha mashimo na kutu nyuma yake ndiye anayewafanya wakuu wa miji wapige marufuku kazi hii kwa wote.

Ruhusa hutangulia mashine. Katika hifadhi za taifa za Marekani kutafuta kwa detekta ni marufuku, na sheria ya 1979 inalinda mabaki ya kale katika ardhi ya serikali kuu. Miji ina kanuni zake, mingine hutoa kibali, mingine hukataza. Katika ardhi ya mtu, neno la mwenye ardhi ndilo la mwisho.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Detekta zimefika, mikononi mwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, na pia mikononi mwa wanaofukua kandokando ya majengo ya zamani wakifuata uvumi wa mali iliyofichwa na Wajerumani. Pwani yetu ina sarafu ambazo thamani yake iko katika mahali zilipolala. Mwaka 1984, wanaakiolojia waliokuwa wakichimba Mtambwe Mkuu, Pemba, walipata zaidi ya sarafu 2,000 za fedha zenye majina ya watawala wa hapa hapa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, nasaba iliyotawala Misri. Kwa kuwa zilikutwa pamoja na kuandikwa zilivyokutwa, dinari zenye tarehe zilisaidia kukadiria umri wa zile zisizo na tarehe. Linganisha na mwaka 1944, ambapo askari wa Australia aliokota sarafu tano za shaba za Kilwa ufukweni, kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yake. Hakuna aliyeandika zilikuwa tabaka gani, na hadi leo wasomi wanabishana zilifikaje huko. Sarafu zipo, habari yake imepotea.

Ndiyo sababu Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964, na ile ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006, hazimwachii mtu binafsi kufukua mabaki ya kale bila kibali. Sheria hizi zinamlinda kila Mswahili ambaye bado hajasoma historia ya babu zake, kwa sababu sehemu kubwa ya historia hiyo ingali udongoni. Anayekutana na sarafu ya kale shambani aiache ilipo na atoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho.

Na kwa mwenye kibali, mwenye ruhusa ya mwenye uwanja, akaambiwa kwamba pale pamekwisha, ushauri wangu ni huu. Kabla hujanunua mashine kubwa zaidi, uliza waliotangulia walipita na koili gani, kwa mwendo gani, na kutoka upande gani. Kisha chukua koili ndogo, chagua kipande kichafu kuliko vyote, na uondoe msumari mmoja baada ya mwingine.