Dume, Jike na Jina la Dembo

Wakati wa mvua, ukipitisha kipande cha chandarua kwenye maji ya dembo, yaani bonde la majimaji, lolote la upande wa Kinsevere, kiasi cha kilomita 30 kaskazini mwa Lubumbashi, huenda ukapata visamaki vya urefu wa kidole ambavyo kwa jicho la haraka vyote ni dagaa. Wanaovifuga nyumbani katika tangi la kioo huuliza mapema yupi ni dume na yupi ni jike. Swali hilo halijibiki kabla ya kujua ni samaki gani, kwa kuwa dalili za jinsia hutofautiana baina ya spishi na spishi.

Rangi iache kwanza, tazama umbo. Samaki tunayemzungumzia hapa, anayeishi usoni mwa maji, ana pezi la mgongo lililo nyuma kabisa, juu ya pezi la mkundu. Kichwa chake ni bapa kwa juu, mdomo umeelekea juu ili kudaka wadudu wanaoelea, na mkia wake ni wa mviringo. Mtoto wa barbasi naye huweza kuwa na mstari mweusi ubavuni, lakini pezi lake la mgongo liko katikati ya mwili, mkia umegawanyika, na kichwa hakina magamba. Mtoto wa tilapia anajulikana kwa pezi refu la mgongo lenye miiba. Ukiona dume ambaye pezi lake la mkundu limegeuka kijiti chembamba, huyo ni gapi au jamaa yake, mgeni kutoka Amerika anayezaa watoto hai. Samaki wetu hutaga mayai.

Anayestahili kujulikana kwanza ni Lacustricola katangae, aliyeelezwa na Boulenger mwaka 1912 na kupewa jina la Katanga yetu. Vitabu vya zamani humwita Aplocheilichthys au Micropanchax. Mstari mweusi wenye kingo za meno-meno humpita ubavuni kutoka kichwani hadi mwanzo wa mkia. Ndugu yake L. hutereaui ana magamba yenye kingo nyeusi, hata mwili wote huonekana kama umevishwa wavu.

Kumpambanua dume wa katangae kunataka subira. Mtie samaki katika gilasi nyembamba, weka karatasi nyeupe nyuma, mwanga utoke ubavuni, kisha mwache atulie, maana samaki aliyeshtuka hupauka. Mapezi ya dume, la mgongo na la mkundu, ni marefu zaidi na huelekea umanjano. Ya jike ni mafupi na hayana rangi, na tumbo lake ni la mviringo. Akikaribia kutaga, mwanga ukipita mwilini huonyesha mayai. Wadogo wote hufanana na majike, kwa hiyo usihukumu mapema. Hata dume mzima anayeonewa na mwenzake huficha rangi zake. Mtenge peke yake, na mara nyingi rangi hurudi.

Kwenye madimbwi yanayokauka kiangazi mambo hugeuka. Huko huishi Nothobranchius, ambao mayai yao hungoja mvua ndani ya tope. Dume ni mkubwa na amejaa rangi, nyekundu au buluu. Jike ni wa kijivu na hudhurungi. Hata anayeanza kufuga hakosei jinsia hapa. Tatizo ni jina. Mwaka 1978 Wildekamp alieleza spishi tatu mpya kutoka Katanga, wakati huo ikiitwa Shaba: N. malaissei, N. polli na N. symoensi, na nyingine zimeongezwa tangu hapo. Zinatambulikana hasa kwa rangi za madume. Majike wa spishi mbalimbali hufanana mno, na ukiwachanganya ndani ya tangi moja, hata mtaalamu atapata shida kumrudishia kila mmoja jina lake.

Ndiyo maana nasisitiza kibandiko kwenye kila tangi. Jina la dembo, tarehe na kijiji cha karibu vina thamani sawa na samaki mwenyewe. Nothobranchius wengi wa Katanga wanajulikana kutoka sehemu chache tu, na dimbwi moja likifukiwa kwa ajili ya barabara, nyumba au shughuli za mgodi, mayai yote yaliyo topeni hupotea pamoja nalo. Wafugaji wa nje wana desturi nzuri ya kutochanganya kamwe samaki wa dembo moja na wa jingine, hata wakidhani ni spishi ile ile. Sisi tunaoishi jirani na madembo hayo tuna sababu kubwa zaidi ya kuifuata.

Basi chukua wachache, madume na majike wa maji yale yale, na uwape tangi lao peke yao. Piga picha ya ubavu wa dume angali na rangi zake zote, na uihifadhi pamoja na kibandiko. Ukichoka kuwafuga, usiwamwage katika mto wa Lubumbashi wala dembo jingine. Mpe mfugaji mwenzako samaki, na kibandiko chao.