Mchina wa Barabara na Mchina wa Reli

Asimamaye njia panda ya Uyole, pale ambapo barabara ya Tukuyu na Malawi huachana na barabara kuu iendayo Tunduma, husikia Mchina akitajwa kila siku, kwa kuwa kampuni inayoipanua barabara ile kuelekea Songwe imetoka China; na wengi wapitao na magunia yao ya viazi huamini kwamba barabara hiyo ni hiba ya Wachina. Sivyo. Fedha ni za Hazina ya Tanzania, na mkandarasi yule analipwa ujira wake kama fundi alipwavyo na mwenye nyumba. Jina hilo moja limefunika miamala isiyofanana hata kidogo.

Muamala uliotangulia ni ule wa reli ya TAZARA. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao Novemba 1965, shaba ya Zambia ilikosa njia ya amani ya kufika baharini, na Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda, waliokwisha kunyimwa msaada na Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi, wakaipokea ahadi ya China, ambayo wakati huo nayo ilikuwa nchi maskini. Mkataba ulitiwa sahihi Beijing tarehe 5 Septemba 1967. Ujenzi ukaanza 1970, na reli ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa Julai 1976. Mkopo ule haukuwa na riba, na muda wa kuulipa ulikuwa miaka 30. Tena gharama za humu nchini, mathalani mishahara ya vibarua, zilipatikana kwa kuuza madukani bidhaa zilizoletwa kutoka China, hata mwananchi aliyenunua bidhaa hizo akawa, pasipo kujua, amechangia mataruma. Kazi iliyowaelemea wajenzi kupita zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, ambako milima na matope vilidai madaraja na mahandaki mfululizo. Wachina zaidi ya 60 walifariki katika ujenzi wa reli hiyo, na huko Gongo la Mboto yako makaburi yao. Deni la namna hiyo halimo katika daftari lolote.

Sasa wanarudi. Kampuni ya CCECC, ambayo asili yake ni idara ya Wizara ya Reli ya China iliyoisimamia kazi ile ya kwanza, imepewa kwa mkataba wa 2025 idhini ya miaka 30, ujenzi ukiwamo, ili iweke dola za Marekani zipatazo bilioni 1.4, kisha ijirudishie fedha yake kwa kuiendesha reli. Hii ni biashara, wala sioni aibu kuiita hivyo, maana reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilidhoofika hata mwaka 2014/15 haikufikisha tani 100,000. Linalonitia wasiwasi ni jambo dogo zaidi: shaba husafiri njia nzima na kulipa vizuri, ilhali kiazi cha Uyole husafiri kwa lori, na mwenye kiazi bado hajaambiwa waziwazi kama katika mabehewa ya reli hiyo atatengewa nafasi, na nauli ya gunia lake itapangwa na nani.